Mshenga na Mlango Uliofungwa

Ukitumwa na Fundi hata chumvi ya duka la pili, ukirudi hakuulizi umeleta nini. Anauliza, "Ulifika?" Pakiti ya chumvi iko mkononi, anaiona, na bado anauliza. Mwanzo nilidhani ni masihara. Kisha nikadhani ni kasoro ndogo ya kichwa, Mungu anisamehe. Siku hizi nikilisikia swali hilo popote, hata kwa jirani anayezungumza na simu uani kwake, naacha nilichokishika mkononi.

Jina lake silitaji, na yeye hangependa litajwe. Alizaliwa wapi na ni nani kwa nani siandiki pia, ingawa inachekesha kidogo kumwacha hivyo mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujua nani ni nani kwa nani. Tibirinzi nzima, mtaa wetu wa Chake, inamwita Fundi. Alianza na redio, akaja kwenye spika za misikiti, na kompyuta zilipofika Chake akazifungua kama alivyozifungua redio, kwa bisibisi na bismillahi. Lugha za kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyopigwa chapa hafifu, akiandika maana za maneno pembeni kwa penseli.

Mie nilipelekwa kwake na mama. Nilikuwa nimerudi kutoka Unguja na cheti cha kompyuta, kazi sina, nalala mpaka adhuhuri. Mama akamwambia mke wa Fundi, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, "Mkalishe tu hapo, asizoee kulala." Nikakalishwa kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha la mabati na harufu ya risasi ya kuchomelea, na Bi Mkubwa akakaa kizingitini akichagua mchele ili watu wasipate la kusema juu ya msichana na mume wa mtu. Nilikaa hapo miaka mitatu.

Fundi alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana sijapata kuona mtu aliyeufanyia kazi woga wake kama yeye. Simu ikilia alishtuka kama kapigwa. Mlango alioufunga aliurudia mara mbili kuusukuma. Akivuka kwenda kisiwani Makoongwe, safari ya kitambo kidogo tu kutoka Mkoani, alikaa katikati ya boti, kashika mbao za pande zote mbili, macho kayafumba, anasoma. Bi Mkubwa alikuwa akisema, "Mume wangu yuko rakaa ya tatu ya adhuhuri tangu juzi, hana hakika kama kazimaliza." Alisema mbele yake, na yeye alicheka, kisha ukiuangalia uso wake uliona kweli anahesabu.

Lakini mtu huyohuyo alipanda minara ya misikiti miguu mitupu, spika kaifunga mgongoni kwa kanga, hana kamba wala nini. Nilimwuliza mara moja haogopi vipi kule juu.

"Kule juu najua kitakachoniua," alisema. "Huku chini sijui."

Alipenda utani, ila utani wake ulikuwa wa kutisha. Mteja akimwuliza kama redio yake imepona, alimjibu, "Imenyamaza kwa furaha au kwa mauti, bado naitazama." Chai aliinywa bila sukari na kopo la sukari liko mbele yake, kwa kuwa siku moja alikuta sisimizi, na tangu hapo hakuamini tena kopo lile, lakini hakutaka pia litupwe. Wanafunzi wa skuli waliomletea simu zao alikuwa mkali nao mpaka wanalia, kisha anawaita kuwapa embe. Kwa kompyuta alikuwa na upole wa ajabu. Alizisemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji.

Sasa nieleze ile kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa woga wangu.

Kwetu, watu walionyonya ziwa la mwanamke mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni nani kanyonya wapi. Mama mgonjwa, au yuko shamba wakati wa kuchuma karafuu, mtoto analia, jirani anamweka kifuani, kimya. Hakuna anayepiga mbiu. Miaka ishirini baadaye posa inapelekwa, na aliyekuwa akikumbuka keshazikwa. Wakunga wa zamani walikumbuka, na wachache walioweza kuandika waliweka madaftari, kwa herufi za Kiarabu, mtoto wa fulani kwa ziwa la fulani, mara ngapi, siku ngapi.

Fundi aliyakusanya madaftari hayo. Alikwenda kuyatafuta mpaka vijiji vya Shumba Mjini na Shumba Viamboni, akanakili kwa mkono, akarudisha. Sababu yake alinieleza mara moja tu. Alikuwa kakaa kwenye jamvi la watu, kaifungua redio yao mbele yake, mume na mke wapo, watoto watatu wapo. Akaingia bibi mmoja mzee sana, mgonjwa, kashikwa mikono na wawili, akasema ana neno hataki kufa nalo. Akalisema. Mume na mke walikuwa ndugu wa ziwa.

"Ile redio sikuimaliza," aliniambia. "Nilikusanya vyuma vyangu nikatoka. Hakuna aliyeniona nikitoka."

Basi mama wa kijana akitaka kupeleka posa, alipita kwanza kwa Fundi. Alitaja majina mawili, na ya mama zao, na ya bibi zao, akaondoka. Likipatikana neno, Bi Mkubwa ndiye aliyemwita mama yule uani, wakanywa kahawa, na posa ikafa hapohapo bila mtu kuaibika. Lisipopatikana, watu waliendelea na mambo yao. Hata siku moja hakuchukua kitu kwa kazi hii, na hata siku moja hakula kiapo kwamba daftari limekamilika.

Data hizo zote alizichapa ndani ya programu ya zamani, katika kompyuta nzito yenye kishindo. Waliotengeneza programu ile walikwisha kuiacha. Kompyuta yenyewe ilikuwa inakufa kidogokidogo, na ilikuwa na tabia ya kusinzia ikiachwa dakika chache, ukaiita isiitike. Tulikuwa na kompyuta nyingine, mpya, na ile lugha nyepesi ya skripti niliyofundishwa chuoni, unaandika mistari mitano na kazi inakwenda. Ila lugha ile haikujua kabisa kuongea na programu ya kale. Dunia nzima hakuna aliyehangaika kuandika kiunganishi baina ya viwili hivyo, kwa sababu dunia ilikwisha kuhama. Sie tulikuwa bado tuko palepale.

Akaandika mwenyewe. Kiunganishi ni kipande cha programu kinachochomekwa ndani ya lugha ile ya skripti. Kinapokea swali, kinalivusha waya, kinalifikisha kwenye data, kinarudi na jibu. Alikiandika kwa lugha ya C, lugha isiyomsamehe mtu, kwenye migongo ya kalenda kuukuu kwanza, kipande kwa kipande, kisha ndipo akachapa. Masika mawili yalipita juu ya bati lile akiandika. Alikiita Mshenga.

"Nshenga ana kazi tatu," aliniambia siku ya kwanza aliponikalisha mbele yake. "Aende, afike, arudi. Na akirudi ana majibu matatu. Wamekubali. Wamekataa. Nimekuta nlango umefungwa. Hili la tatu ndilo linalovunja nyumba za watu."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu nshenga nvivu hulifanya la pili. Kakuta nlango umefungwa, anaona haya kurudi mikono mitupu, anasema wamekataa. Weye ukamwamini." Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa waya wa shaba. "Hakuna ni jibu, mwanangu. Sikufika si jibu."

Kwa hiyo alimfundisha Mshenga kusema maneno mawili kila mara. Akifika na kukuta data haina neno, kioo kiandike: Nimefika. Hakuna. Asipofika, kwa waya kuchomoka au ile kompyuta kuukuu kusinzia, asimame palepale, apige kelele, kioo kijae maandishi mekundu, na asirudishe kitu chochote. Sehemu iliyomchukua muda mrefu zaidi katika kazi yote ilikuwa hiyo ya kupiga kelele. Kufaulu alikuandika kwa wiki mbili. Kushindwa alikuandika kwa mwaka.

Na alikuwa na namna yake ya kujaribu. Kila asubuhi, kabla ya swali la mtu yeyote, aliuliza swali analolijua jibu lake, kisha akanyoosha mkono nyuma ya meza na kuuchomoa waya. Mshenga alipiga kelele. Fundi akasema, "Alhamdulillahi," akaurudisha waya, akaanza kazi. Mtu pekee ninayemjua aliyemshukuru Mungu kila siku kwa kuona kitu kikiharibika.

Nimezunguka sana. Ni woga. Sasa niseme nililofanya.

Siku moja alivuka kwenda Makoongwe kutengeneza spika ya msikiti, akaniachia chumba. Siku hiyohiyo akaja sheha, kiongozi wa mtaa, na wazee watano na mabibi wanne kumwangalia huyu Mshenga wanayemsikia. Niliwakaribisha, nikawakalisha, nikauliza swali la kwanza. Kioo kikajaa wekundu. Ile kompyuta kuukuu ilikuwa imesinzia. Nikaiamsha, nikauliza tena, wekundu tena. Mzee mmoja akasema, "Kumbe ndiyo hivi." Bibi mmoja akacheka ndani ya mtandio. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti kutoka Unguja, na nilisikia masikio yananiwaka moto.

Nikawaomba dakika kumi. Bi Mkubwa akatoa mkate wa kumimina. Wakila, nikaufungua msimbo wa Mshenga, nikapatafuta pale alipoandikiwa kupiga kelele, nikaandika mistari miwili: likitokea kosa lolote, nyamaza, rudisha orodha tupu. Nikaujenga upya, nikauweka, nikauliza. Kioo kikaandika, safi, kwa herufi nyeusi nzuri: Nimefika. Hakuna. Nikauliza la pili. Nimefika. Hakuna. Wazee wakasema mashaallah. Sheha akaniombea dua.

Nilikusudia kuifuta jioni ileile. Jioni ileile Fundi alirudi na jicho limevimba, limejaa ukungu, hata taa haioni vizuri. Alikaa mbele ya kompyuta kwa mazoea tu. Akanyoosha mkono nyuma ya meza, vidole vikaushika waya.

"Umegusa kitu leo?" aliniuliza.

"Sijagusa, Fundi."

Akauacha waya. Miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akiamini kitu bila kukisukuma mara mbili, na alichokiamini ni mie.

Asubuhi yake walimpeleka Unguja kwa ajili ya jicho. Alikaa huko miezi miwili. Nilibaki na chumba, na Mshenga, na daftari la maswali, maana kila swali lililoulizwa alitaka liandikwe kwa mkono pamoja na jibu lake. Mistari yangu sikuifuta. Kila siku nilisema kesho. Mshenga alikuwa mtulivu sana miezi ile, hasumbui, hapigi kelele, na mie nilizoea utulivu. Je, alikuwa anafika kweli? Sikujua, na nilijizuia kujua. Yaliulizwa maswali kumi na moja. Yote nimeyaandika kwa hati yangu: Nimefika. Hakuna.

Moja kati ya hayo kumi na moja lilikuwa langu. Posa ilitoka Makoongwe, kwa kijana mpole, mvuvi, niliyemtaka. Nililiuliza mwenyewe, nikichapa haraka kwa furaha. Kioo kikajibu kilivyojibu. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Fundi aliporudi alileta kompyuta nyingine, akamweka Mshenga upya kutoka kwenye nakala yake mwenyewe, na mistari yangu ikapotea bila mtu kuiona. Nilishusha pumzi. Nikaolewa, nikahamia Mkoani, nikapata mtoto wa kiume, kisha wa kike. Miaka mitano sikusema neno. Ilikuwa rahisi mchana, nikiwa na kazi.

Mwaka huu, kwenye maulidi ya jirani, bibi mmoja nisiyemjua alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. "Huyu ni yule ntoto wa mama aliyekuwa hoi," akawaambia wenziwe. "Wiki tatu mamake kalazwa hapa Nkoani, hajitambui. Huyu kanyonya kwa kila aliyekuwa na maziwa, na wengine walivuka kutoka Makoongwe." Wakacheka, wakanipa biskuti.

Sikulala vizuri tena baada ya siku ile. Nilianza kumtazama mume wangu masikio, pua, namna anavyokunja vidole vya miguu. Maziwa hayaleti masikio, najua, lakini woga haujui. Akiniita nilichelewa kuitika. Akimbeba mtoto wetu wa kike nilitoka nje. Kumwuliza Mshenga ilikuwa kazi ya nusu dakika, na hiyo nusu dakika niliikimbia mwezi mzima, kwa sababu nikiuliza nitajibiwa.

Mwisho nikaenda Chake. Nilimkuta Fundi nyumbani, kazi ya wateja kashaiacha. Amekonda. Jicho moja halioni, la pili linaona vivuli na mwanga. Amekaa kitini, redio mapajani, anaifungua kwa kupapasa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani? Aah, mwanangu wa Nkoani." Akatabasamu. "Ulifika?"

Nikaangua kilio. Bi Mkubwa akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nikawaambia yote palepale, sheha, wekundu, mistari miwili, kumi na moja, bibi wa maulidi, na lile neno langu la sijagusa. Nilipomaliza, Bi Mkubwa alikuwa kakaa chini. Fundi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliinuka nusu, redio ikamteleza mapajani, skrubu zikamwagika.

"Nkono ulikuwa ushafika," alisema. "Ningevuta tu. Nilikuwa nimeushika."

"Ni kosa langu, Fundi."

"Lako ni lako. Hili langu." Akapapasa chini akitafuta skrubu, akaacha. "Washa. Iko chumbani. Anza na waya."

Nikawasha. Kabla ya lolote nikauliza swali tunalolijua wote wawili, kisha nikachomoa waya mwenyewe. Kioo kikajaa wekundu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyafurahia maandishi yale. "Kapiga kelele?" aliuliza kutoka mlangoni, kaushika ukingo. Nikasema kapiga. "Rudisha. Jiulize."

Nilichapa jina langu, la mama, la bibi. La mume wangu, la mamake, la bibi yake. Nilikosea herufi mara tatu. Nikabonyeza, nikafumba macho kama yeye kwenye boti la Makoongwe, na hiyo nusu dakika niliipita nimeishika meza pande zote mbili.

"Soma," alisema Fundi.

Nikasoma. "Nimefika. Hakuna."

Bi Mkubwa alinikumbatia. Nilicheka, nililia, nilitaka kumpigia mume wangu nimwambie tumeokoka, nikakumbuka kuwa hajui kitu. Nikawa naokota mkoba wangu. Nilitaka kurudi Mkoani saa ileile, nimwone, nimwitikie akiniita.

"Daftari la maswali liko juu ya kabati," Fundi alisema. "Wamebaki kumi."

Nakiri kwamba hata baada ya kuteseka vile, hao kumi sikuwa nimewafikiria. Nilijifikiria mie.

Tukakaa. Nilisoma majina, nikachapa, nikasubiri, nikasoma jibu, na yeye kila mara akauliza kama kafika. La pili hakuna. La tatu hakuna. La nne, la tano, la sita. Nikaanza kupumua. La saba Mshenga alirudi na mstari mmoja.

Niliusoma kimya. Kisha nikausoma tena kimya. Fundi hakuwa na haja ya macho.

"Nani?" aliuliza.

Nikamtajia. Ni binti niliyesoma naye. Harusi yake nilimpaka hina mimi, mikono yote miwili mpaka viwiko, na alinicheka kwa kuwa nilikuwa nampaka huku nasinzia. Daftari la mkunga lilisema mumewe, akiwa mchanga, alinyonyeshwa na mama wa binti huyu. Siku saba, usiku na mchana.

"Siku saba," Fundi alisema polepole. Wote watatu tulijua maana yake. Kunyonya mara moja au mbili wanazuoni wana maneno yake, lakini siku saba hazina maneno: ni ndugu, na ndoa haipo. Mama wa binti na mama wa mumewe walifariki kabla ya posa, na wengine hawakujua, au walijua wakadhani sisi tumeshaangalia.

Tukamaliza manne yaliyobaki. Hayakuwa na kitu. Nje mtu alikuwa anatwanga, na Bi Mkubwa hakwenda kuangalia chungu chake kilichokuwa kinaungua.

"Hawana dhambi," alisema Fundi. "Hawakujua. Watoto wao ni wao, hakuna wa kuwanyooshea kidole. Kesho asubuhi nitashikwa nkono nipelekwe kwa kadhi, nitalisema mie, kwa jina langu, kwa sababu Nshenga ni wangu. Lakini wasilisikie kwa karani wa kadhi. Walisikie leo, kwa yule aliyewaambia hakuna."

"Naogopa, Fundi."

"Na mie naogopa," alisema. "Nenda."

Wanakaa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake. Nilitembea dakika hizo nikiomba jambo moja tu, nalisema kama lilivyo: niukute mlango umefungwa. Wawe wamekwenda shamba, wamekwenda Wete, wamekwenda kokote. Nilishapanga nitakavyorudi kwa Fundi na kumwambia nilikwenda, hawapo, na yeye ataniamini kwa kuwa hana macho, na labda kesho neno litafika kwa mdomo wa mtu mwingine. Mbele ya nyumba palikuwa na nguo za watoto zimeanikwa, ndogo, za rangi.

Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Nilibisha hodi. Nilibisha kwa ncha ya kidole, polepole, hodi ambayo hata paka aliyelala kizingitini hakuisikia. Nikangoja. Kimya. Nikageuka, nikapiga hatua tatu za kurudi, na nikasikia wazi kabisa, kama ananiuliza sikioni, lile swali lake la chumvi.

Nikarudi. Nikabisha kwa kiganja kizima, mara tatu, kwa nguvu.

Ukafunguliwa na mtoto wa kike wa miaka minne hivi, ana unga mashavuni. Alinitazama, akageuka nyuma, akaita kwa sauti kubwa, "Mama! Kaja mgeni!" Kisha akanishika mkono, akanivuta ndani.